Uliza Tukujibu: Hivi Wayahudi Walimkosea Nani?

Toleo lililopita tuligusa habari za Holokosti, yale mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, juu juu tu, tena ndani ya swali la mtu aliyetaka kujua mambo ya Vita Kuu ya Pili, basi meseji zikamiminika mpaka mhariri akasema toa ukurasa mzima. Haya, nimetoa. Waliotuma matusi nimewaacha huko huko, wenye maswali twende.

SWALI: Shikamoo anko. Sekondari tulisoma Mabepari wa Venisi, ile ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere, kuna yule Shylock mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Kwa nini mwandishi akamfanya Myahudi? Ndio kazi yao ilikuwa riba? Maana hata Nairobi nilikofanya kazi mkopeshaji wa mtaani wanamwita shylock hadi leo. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Anza na kitu ambacho walimu wetu wengi hawakutwambia, Shakespeare anaandika ule mchezo miaka ya 1590 na Uingereza haina Wayahudi. Mfalme Edward I aliwafukuza wote 1290, na mlango ukaja kufunguliwa 1656 enzi za Cromwell, kwa hiyo ukiondoa familia chache za London zilizojificha kama Wakristo, mtu aliyelipa kiingilio aje amzomee Shylock hajawahi kumwona Myahudi, babu yake hajawahi, babu wa babu yake hajawahi, lakini kumchukia anajua vizuri kabisa.

Sasa riba. Kanisa lilimkataza Mkristo kumtoza Mkristo mwenzie riba, na Wayahudi nao sehemu nyingi za Ulaya walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia kwenye vyama vya mafundi, yaani useremala huupati, ufumaji huupati, unabaki na biashara na kukopesha. Wafalme walilipenda sana hilo. Uingereza Myahudi kisheria alikuwa mali ya mfalme, anakopesha, anadai, anakusanya, halafu mfalme anamkamua kwa kodi, na lawama zote zinabaki kwa yule anayegonga mlango wa mdaiwa. Aaron wa Lincoln, tajiri kweli kweli, alipofariki 1186 mfalme alibeba mali yote pamoja na madeni aliyokuwa akiwadai watu, na yalikuwa mengi mpaka ikabidi ifunguliwe ofisi maalumu ya kuyafuatilia. Hapo mdai hasa alikuwa nani?

Halafu ikaja York, Machi 1190. Ni msimu wa vita vya msalaba, watu wamepandwa na mori, Wayahudi wa mji wanakimbilia kwenye mnara wa ngome ya mfalme, wanazingirwa, na kama watu 150 wanakufa, wengi wao wakijiua wenyewe na familia zao kuliko kutoka nje waangukie mikononi mwa lile kundi. Sasa angalia hao wazingiraji walielekea wapi baada ya hapo. Walikwenda moja kwa moja kanisa kuu la York, kwa sababu hati za madeni zilikuwa zinatunzwa humo, wakawalazimisha walinzi wazitoe, wakazichoma moto palepale ndani ya kanisa. Mmoja wa vinara wao, Richard Malebisse, alikuwa anadaiwa. Mimi hapo imani siioni, naona mahesabu tu.

Nyerere alitoa tafsiri yake 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na ni wazi aliowalenga yeye ni wenye mitaji wote wa mji ule, Mkristo kwa Myahudi. Naona alifanya vizuri, ila darasani wengi wetu tulitoka na Shylock peke yake.

SWALI: Nakubali waliteswa, lakini anko, mataifa yote hayo yawachukie bure bure? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. – Msomaji, Arusha

JIBU: Hili limeletwa na wengi sana, wewe umeliuliza kwa adabu ndio maana nimelichukua lako. Basi tulipime. Kama shida ni Wayahudi wenyewe, tabia zao au dini yao, basi popote walipoishi chuki ingekuwepo. Nenda India. Kule Kochi sinagogi ya Paradesi ilijengwa 1568 eneo la Mattancherry, imepakana na jumba la raja, yaani hawakufichwa uchochoroni, walikaa ubavuni kwa mfalme. Upande wa Konkan kulikuwa na wale wanaoitwa Bene Israel, kazi yao kukamua mafuta vijijini, na majirani wakawaita wakamua mafuta wa Jumamosi kwa vile siku hiyo hawagusi kinu. Ikaishia hapo, jina la utani tu. Wamekaa hivyo mamia ya miaka. Mateso walikuja kuyaonja Wareno walipofika, haohao waliotujengea Fort Jesus Mombasa, ambao 1560 walifungua Goa mahakama yao ya dini ya kuwasaka watu. Na China, mji wa Kaifeng, Wayahudi walioana na wenyeji, wakafanya mitihani ya serikali kama Wachina wengine, wakapata vyeo, hakuna aliyewachoma.

Watu ni walewale, Sabato ileile, Torati ileile. Kilichokosekana India na China ni ile hadithi iliyohubiriwa Ulaya karne na karne kwamba hawa ndio waliomuua Yesu na hawaachi kupanga mengine.

Na hadithi ikishakaa kichwani ushahidi hauna kazi tena. Tauni ilipoingia Ulaya 1348 ikasemwa Wayahudi wametia sumu visimani. Papa Clement VI mwenyewe aliandika mwaka uleule kwamba jamani, Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa huu, na unaua hata mahali ambapo hakuna Myahudi. Papa huyo, sio mtu baki! Hawakumsikiliza. Strasbourg waliwachoma mamia tarehe 14 Februari 1349, na tauni ilikuwa haijafika bado mjini. Umenielewa? Walichomwa kwa ugonjwa ambao haujaingia, na madeni waliyokuwa wakidai yakafutwa.

Mpaka hapo Myahudi aliyekubali ubatizo mara nyingi aliponea. Karne ya 19 hata hiyo njia ikazibwa. 1879 Mjerumani mmoja, Wilhelm Marr, alianzisha umoja wake wa kuwapinga Wayahudi akidai tatizo ni damu na dini haihusiki, na kwenye damu huwezi kusilimu wala kubatizwa. Sheria za Nuremberg za 1935 zikaja kuhesabu mababu na mabibi, ukiwa na watatu waliokuwa Wayahudi basi na wewe ni Myahudi, hata kama umezaliwa ndani ya Ukristo na kila Jumapili uko kanisani. Halafu cheki mashtaka yenyewe ya wakati ule, Myahudi ndiye mwenye mabenki yote ya dunia, na Myahudi huyohuyo ndiye mkomunisti anayetaka kuyataifisha. Lisemwalo lipo, sawa, ila hayo mawili uniambie yanakaaje chumba kimoja.

SWALI: Hitler alipokufa si mambo yaliisha? – Msomaji, Singida

JIBU: Hapana. Kielce, Poland, Julai 1946, vita imeisha mwaka mzima na Wayahudi milioni 6 wameshauawa. Mtoto wa miaka 8 alipotea nyumbani, kumbe alikwenda kijijini kwa watu waliofahamiana na familia yake, akarudi baada ya siku mbili. Kukwepa kipigo au kwa kufundishwa na wakubwa, akasema Wayahudi walimfungia kwenye chumba cha chini ya nyumba, akaonyesha na nyumba yenyewe, ile ya mtaa wa Planty walimokuwa wakikaa Wayahudi walionusurika na makambi ya Wanazi. Polisi wakaenda. Ile nyumba haina chumba cha chini. Wamefika, wameangalia kwa macho yao, chumba hakipo, na bado siku ile waliuawa Wayahudi 42, askari na raia wakisaidiana.

Uzushi wenyewe ulikuwa wa miaka 800. Ulianzia Norwich, Uingereza, 1144, kijana akakutwa amekufa msituni, baadaye mtawa mmoja akaandika kitabu kwamba Wayahudi ndio walimuua kwa ibada yao. Tangu hapo mtoto akipotea karibu na Pasaka, watu wanajua pa kwenda.

SWALI: Anko nimetumiwa pdf kwenye grupu la WhatsApp, inaitwa mpango wa siri wa wazee wa Kiyahudi kutawala dunia, kurasa nyingi, imeandikwa kama kumbukumbu za kikao. Naona mambo mengi yametimia. Ni ya kweli? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni feki, na sio feki ya kubahatisha, ni feki iliyokamatwa na mkono ndani ya mfuko. Zinaitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni. Zilitoka kwanza 1903 kwenye gazeti la Urusi la Znamya, mwenye gazeti akiitwa Pavel Krushevan. Mshike huyu Krushevan, tutarudi kwake.

Agosti 1921 mwandishi wa The Times la London, Philip Graves, aliyekuwa Istanbul, akachapisha makala za kulinganisha. Alikuwa amepata kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha 1864, kitabu cha kumsema Napoleon III kwa mafumbo, wanafikra wawili wa siasa, marehemu, wanabishana kuzimu, Machiavelli na Montesquieu, na Machiavelli anajisifu jinsi atakavyoibana nchi. Humo hakuna habari za Wayahudi, ni siasa za Ufaransa. Mghushi alichofanya ni kunyofoa maneno ya Machiavelli na kuwatia mdomoni wazee wa Kiyahudi. Tena mvivu! Kwa Joly, Machiavelli anasema magazeti yake yatakuwa na mikono mia kama mungu Vishnu. Fungua hiyo pdf yako, sehemu ya magazeti, utamkuta Vishnu amekaa palepale. Sasa niambie, wazee wa Kiyahudi wamejifungia kikao cha siri cha dini yao, wanatafuta mfano, wanakwenda kuchukua mungu wa Kihindu?

Hiyo habari ya "mengi yametimia" ndio ujanja wa kitu kama hiki. Imeandikwa kwamba watachochea vita, watapandisha bei, watanunua magazeti, sasa niambie mwaka gani duniani hayo hayakutokea. Henry Ford, mwenye magari, aliitangaza kuanzia 1920 kupitia gazeti lake, na mawakala wake wa magari wakawa wanaligawa, mpaka 1927 akaomba radhi baada ya kufikishwa mahakamani. Kufikia hapo Ujerumani watu walikuwa wameshaisoma. Na wasomaji wetu wa Kivu na Rwanda hii harufu wanaijua, gazeti la Kangura 1990 lilitoa waraka wa aina hiyohiyo, eti mpango wa siri wa Watutsi kuimeza Kivu na eneo zima. Ukibadilisha majina mtambo ni uleule. Ifute hiyo kitu, au kama huwezi kufuta basi usiifowadi.

SWALI: Mzee, kweli Wayahudi walikuwa wapewe huku kwetu Uasin Gishu? Babu yangu alikuwa anasema, mimi nikadhani ni stori za wazee. – Msomaji, Eldoret

JIBU: Kweli kabisa, na Krushevan anarudi hapa. Aprili 1903, mji wa Kishinev, Urusi ya wakati ule, mtoto aliuawa mji wa jirani, gazeti jingine la Krushevan likawa linachochea kwamba ni Wayahudi, siku ya Pasaka watu wakaingia mitaani wakaua Wayahudi 49. Dunia ikashtuka. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliyekuwa ametoka kupita huku kwa reli, akaja na wazo la kuwapa ardhi Afrika Mashariki, na Agosti Theodor Herzl akalipeleka Basel, kwenye kongamano la Wazayuni aliowaongoza, yaani waliotaka Wayahudi wapate nchi yao. Wajumbe kutoka Urusi, tena wengine wa Kishinev penyewe, ndio walikuwa wakali wa kukataa. Kura zikawa 295 kwa 178 kwamba watume watu wakaangalie. Watu wakaja, wakaizunguka nyanda, wakarudi na ripoti isiyovutia, 1905 kongamano likakataa moja kwa moja.

Watu huuita mpango wa Uganda lakini ardhi yenyewe ndio hiyo yenu. Masetla Wazungu wa Nairobi wakiongozwa na Lord Delamere walipiga kelele sana, hawataki Wayahudi wageni waje, yaani chuki ya Kishinev inawakimbiza watu na nyingine imeshatangulia kuwasubiri Nairobi. Wanandi na Wamaasai hakuna aliyewauliza, si Chamberlain, si Herzl, si Delamere. 1908 wakaja Makaburu na mikokoteni yao, mengine babu yako amekusimulia.

Wayahudi wachache walikuja Kenya wakabaki, jumuiya yao ya Nairobi ilianza 1904 na sinagogi yao ipo mpaka leo pale karibu na Uhuru Highway na University Way.

SWALI: Assalaam alaykum ami. Wako wanaosema chuki hii ni ya Wazungu, Waislamu waliishi nao salama, na wako wanaosema imetoka kwetu tangu mwanzo. Ipi kweli? – Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Zote mbili zimenyooshwa kupita kiasi. Chini ya dola za Kiislamu Wayahudi walikuwa watu wa dhima, wanalindwa, wanasali, wana makadhi wao, na wanalipa kodi ya jizia na kukubali kuwa chini. Usawa haukuwepo, ila ukilinganisha na Ulaya ya zama zilezile ilikuwa nafuu kubwa. Kulikuwa na siku mbaya, Granada 1066 waliuawa wengi, na Wamuwahidi, watawala Waislamu wenye msimamo mkali, walipotawala Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, familia ya Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, ilihama Cordoba ikazunguka mpaka Misri, na huko, chini ya Waislamu wengine, Maimonides akawa tabibu wa watu wa Salahuddin. Hispania ilipowafukuza 1492, Sultani Bayezid II wa dola ya Uthmaniya aliwapokea, wakaujaza mji wake wa Salonika. Na hata kwetu kuna kipande, 1828 Wayahudi walimkimbia liwali Daud Pasha wa Baghdad wakatua Maskati, kwa Sayyid Said huyuhuyu wa karafuu, na Muingereza Wellsted aliyepita miaka michache baadaye akashangaa kwamba pale hawalazimishwi kuvaa alama ya kuwatambulisha.

Ule uzushi wa Norwich, kwamba Wayahudi wanaua watoto kwa ibada yao, haukuzaliwa Uislamu. Uliingia Damascus kwa kishindo 1840, padri alipopotea, watawa wenzake na balozi mdogo wa Ufaransa ndio waliosukuma kesi, Wayahudi wakateswa wengine wakafa, na Sultani Abdulmejid akatoa firmani kusema ni uongo. Karne ya 20 ndipo mambo yakaharibika kweli, propaganda ya Wanazi kwa Kiarabu, mufti wa Jerusalem kukaa Berlin, Baghdad Juni 1941 wakauawa kama 180 kwa siku mbili, halafu 1948 na Israel, na jumuiya za miaka elfu mbili zikahama Iraq, Yemen, Misri, Libya. Ukitaka upande wa pili tena, Albania, nchi ya Waislamu wengi, ilimaliza Vita Kuu ya Pili ikiwa na Wayahudi wengi kuliko ilivyoanza, maana waliwaficha majumbani.

SWALI: Nikisema Gaza wanauawa watoto naambiwa nawachukia Wayahudi. Sasa mpaka uko wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hata wataalamu wanagombana hapa. Ile fasili ya chuki dhidi ya Wayahudi inayotumiwa na serikali nyingi, ya 2016 kutoka IHRA, umoja wa kimataifa wa kuikumbuka Holokosti, ina mifano 11 na 7 kati yake inataja Israel, wakosoaji wakasema inatumika kuziba watu midomo, basi 2021 wasomi zaidi ya 200, Wayahudi wengi wakiwemo, wakatoa yao inayoitwa Azimio la Jerusalem. Mimi nipo na hawa wa pili. Kuisema serikali kwa mabomu, kwa chakula kuzuiwa, kwa makazi ya Ukingo wa Magharibi, ni siasa, na Tel Aviv kwenyewe watu wanaandamana. Anayekuita mchukia Wayahudi kwa hilo peke yake anakukimbia hoja.

Ila ukishatoka kwenye serikali ukaenda kwa mtu, umevuka. Toulouse, Machi 2012, kijana aliingia shule ya Kiyahudi akaua mwalimu na watoto watatu, akasema analipiza watoto wa Palestina. Wale watoto walikuwa Wafaransa wanakwenda darasani. Na ninyi wa Mombasa mna yenu, Kikambala Novemba 2002, hoteli ya Muisraeli, Al-Qaeda wakadai ni wao, wakafa Waisraeli watatu na Wakenya 10, baadhi yao wachezaji ngoma waliokuwa wanakaribisha wageni.

SWALI: Sisi Waafrika lakini hii chuki hatuna, tuwe wakweli. – Msomaji, Jinja

JIBU: Wewe wa Jinja ndio unaniambia hivyo? Septemba 1972 Idi Amin alimpelekea Kurt Waldheim wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuua Wayahudi milioni 6. Mwaka uleule aliwapa Wahindi siku 90 wahame, na ukisikiliza walivyosemwa, wabaguzi, wanyonyaji, mali yao ndio umaskini wetu, utadhani mtu amenakili kitu cha Berlin akaweka jina jipya. Na wapo Abayudaya wa Mbale, Waganda waliomfuata Semei Kakungulu kwenye dini ya Kiyahudi tangu 1919, wakulima, hawana benki wala uhusiano na mtu, Amin akapiga marufuku ibada yao. Wengine wakahamia Ukristo na Uislamu, wengine wakaendelea kusali kwa kificho mpaka alipoondoka 1979, na leo wapo, wana sinagogi yao kwenye kilima cha Nabugoye.

Walioniuliza kuhusu Wayahudi wa Ethiopia, lenu ni refu, nimelihamishia toleo lijalo.